Upole wa Vidonge

Baba alianguka wakati wa masika, mbele ya nyumba yetu pale Magomeni ya Kilosa, akivuka ubao tuliouweka juu ya mtaro. Hakuanguka kutoka juu. Mtoto angeanguka pale angejipangusa akaendelea kucheza. Lakini baba alikuwa ameshavuka miaka sabini, na alianguka kwa kukaa, juu ya ukingo wa saruji. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye cherehani. Sikusikia kelele. Niliisikia tu sauti yake ikiguna, kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

Picha ya hospitali ilionyesha pingili moja ya mgongo imepata ufa. Tuliambiwa hakuna upasuaji wala plasta, mzee alale, atulie, mfupa utajiunga wenyewe. Akapewa na dawa ya maumivu, tramadoli, vile vidonge vya rangi mbili. Simlaumu daktari aliyemwandikia. Mtu mwenye ufa mgongoni anaumwa kweli, na zile wiki za kwanza bila vidonge sijui tungezipitaje.

Nasema tungezipitaje, lakini tulikuwa wawili tu. Kaka zangu wako mbali na kila mmoja ana mji wake. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu, na mama alipofariki nikabaki na baba. Watu hupenda kusema mtoto wa kike ni baraka ya uzeeni. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kumnyanyua mtu mzima kitandani asubuhi, wakamgeuza mchana, wakamwogesha jioni, huku sare za shule za watu zikisubiri kushonwa na wenyewe wamesimama mlangoni.

Baba yangu alifanya kazi reli maisha yake yote. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa njia, wale waliotembea juu ya mataruma wakigonga boliti moja moja kwa nyundo, wakisikiliza kama imelegea. Nyumbani alitugonga vivyo hivyo, kwa maneno. Sahani iliyooshwa vibaya aliiona. Mshono uliopinda aliuona toka mlangoni kabla hajaketi. Alilelewa milimani, akasomeshwa na wamisheni, na mpaka leo anaamini kuchelewa ibada ni aina ya wizi. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu nikiwa mdogo. Nilipoachika aliniambia, "Chumba chako kipo," akarudi kusoma gazeti.

Kwa hiyo alipoanza kubadilika, sikujua kwamba ni vidonge. Nilidhani ni uzee, au labda Mungu amemgusa.

Alianza kwa kuniita mama. Baba wengine huwaita binti zao hivyo tangu wakiwa wachanga. Wangu aliniita kwa jina siku zote, jina zima la ubatizo, kama karani anayesoma mahudhurio. Asubuhi moja nilimpelekea chai, akaonja, akasema, "Mama, chai hii imeiva." Nikasimama na sinia mkononi, nikisubiri lawama ifuate. Haikufuata.

Baada ya hapo akawa anaomba nihamishie cherehani karibu na dirisha lake ili tuzungumze. Alicheka vichekesho vyake mwenyewe. Aliniambia mshono wangu ni mzuri. Na alinisimulia mambo ya mama ambayo sikuwahi kuyasikia. Siku tuliyotoka makaburini, alisema, aliaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, kumbe alikwenda stesheni, akakaa kwenye benchi mpaka treni ya mizigo ikaja, na ilipokuwa inapita ndipo akalia, kwa sababu alijua mabehewa yangeimeza sauti yake. "Ilikuwa treni ndefu," aliniambia huku akitabasamu. "Mungu alinipa treni ndefu."

Nililia juu ya kitambaa cha mtu. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na ndiyo kwanza nilikuwa nimepata baba wa kuzungumza naye.

Picha ya pili ilionyesha mfupa umeunga. Daktari akatupa mkono wa hongera, akasema mzee aanze kujongea taratibu. Lakini baba alisema maumivu yako palepale. Tulinunua vidonge duka la dawa, na muuzaji, ambaye mara ya kwanza alidai cheti, baadaye akawa hadai tena. Anatujua. Mzee anaumwa, mtaa mzima unajua.

Nikaanza kuona mambo mengine. Alisinzia katikati ya ibada, kidevu kifuani, yeye ambaye zamani aliwafinya wanaosinzia. Choo kilikuwa kigumu mpaka akawa anakwenda kama anayekwenda vitani. Chakula hakitaki. Alijikuna mikono mpaka ikatoka ukurutu. Na kidonge kikichelewa, alipiga miayo mfululizo, jasho likamtoka, kamasi zikamchuruzika kama mwenye mafua, na yule mpole wangu akageuka mtu nisiyemjua kabisa, ananitazama kama nimemwibia. Akimeza, baada ya muda anatulia. Kisha kimoja kikawa hakitoshi.

Mchana mmoja nilikuwa naunganisha kola, akaniita dirishani.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mama yako amekwenda sokoni? Mbona leo amechelewa?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Nikasema atarudi. Nikarudi kukaa, lakini sikuweza kushona.

Shangazi alikuja wiki ile kutoka Msowero, amebeba maboga na unga wa mahindi mapya. Ni mdogo wake baba, aliyebaki hai peke yake katika tumbo lao. Wakiwa pamoja huzungumza Kikaguru kitupu, haraka haraka, na mimi ninayekielewa nusu hubaki nikiokota maneno. Nilimfuata jikoni nikamwambia ninaogopa, kwamba dawa zile zinamla baba. Alikuwa anakata boga, hakuinua kichwa.

"Anaumwa au haumwi?"

"Anaumwa, shangazi."

"Basi utamnyimaje dawa mzazi wako, mwanangu? Mimi sijasoma. Lakini mtu akiumwa anapewa dawa."

Nilikuwa nimechoka mno kubishana.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyeniambia kwamba Mikumi, kwenye hospitali alikotibiwa mumewe baada ya kupooza, kuna wataalamu wa mazoezi ya viungo, na daktari anayesikiliza. Tukaenda. Baba alikataa njia nzima. Gari lilipopita shimo alinitazama kana kwamba nimelichimba mimi.

Daktari wa Mikumi alisikiliza kweli. Alimwambia baba mbele yangu kwamba dawa ile mwili wake umeshaizoea, kwamba si kosa lake, huwatokea wengi, na kwamba haitakatwa ghafla maana kuikata ghafla kuna hatari. Itapunguzwa kidogo kidogo, na yeye ndiye atakayesimamia kila hatua. "Lakini nikikupunguzia dawa bila kukupa kitu kingine, nitakuwa nimekutupa," alisema, akatuelekeza chumba cha mazoezi.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mgongo unauma ukifanya nini?"

"Nikiishi."

Nilicheka, nikajizuia. Yeye hakucheka. Alimwomba alale kwenye mkeka uliotandikwa sakafuni.

"Nilale chini?"

"Chini, babu."

"Mbele yako? Mimi mtu mzima?"

"Nitageukia dirishani. Binti yako ataniambia ukishalala."

Akageuka kweli, akatazama malori yanayoelekea Iringa. Nilimshusha baba kidogo kidogo, na alipokuwa amelala chali, mikono kifuani, alimuuliza yule mwanamke kwao ni wapi.

"Kanda ya Ziwa, babu. Msukuma."

"Nilijua. Mmetuletea ng'ombe wakala mahindi yetu, na sasa mnatulaza chini."

"Ng'ombe wangu nimewaacha nyumbani leo, mtani. Kunja magoti."

Alimwonyesha namna ya kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuiachia polepole. Namna ya kunyanyua kiuno taratibu akiwa amekunja magoti. Namna ya kugeuka ubavu kwanza kabla ya kuamka. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, liwekwe pale panapokaza, na mimi nilijaribu kwanza kwenye mkono wangu lisimuunguze. Na kutembea. Atembee kila siku, leo mpaka hapa, kesho mbele kidogo, na apumzike kabla mgongo haujamwamuru kupumzika.

"Mfupa wako ulishapona," alimwambia. "Ila mwili haujaamini. Unakaza misuli kutwa nzima kukulinda, na misuli iliyokazwa kutwa nayo inauma."

"Kwa hiyo mimi siumwi. Najisingizia."

"Unaumwa, babu. Sijasema huumwi. Nasema ukitembea hutavunjika."

Njia ya kurudi baba alinyamaza, na nilifikiri amelikataa neno lile kama alivyokataa mengine yote. Kumbe alikuwa analitafuna.

Ninaposimulia sasa inaonekana kama tulitoka pale tukaanza kupona. Haikuwa hivyo. Ilikuwa miezi mibaya kuliko ile ya ufa. Kila dawa ilipopunguzwa, mwili wake ulidai. Aliharisha, alitetemeka juani, hakulala, na asiyelala halazi wenzake. Alinitukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kikaguru. Alisema ninataka afe nirithi nyumba. Niliweka maji jikoni, nikachovya taulo, nikakamua, nikaweka mgongoni, likapoa, nikachovya tena. Nilitandika mkeka uani. Nilinyanyua kiuno na mimi kando yake, maana alisema hawezi kufanya upuuzi huo peke yake. Tulitembea mpaka geti la jirani, tukarudi. Siku nyingine tulifika nusu ya hapo akaketi kwenye jiwe, akasema hatoki, nikaketi chini karibu naye, watu wakipita wakitusalimu, wakiuliza habari za mgonjwa, nami nikijibu anaendelea vizuri.

Wateja wakaanza kuhama. Siwalaumu. Mchana mmoja nililala kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, nikaamshwa na mama aliyekuja kuchukua gauni la mwanawe na kukuta halina mikono.

Kisha, wakati tulipokuwa tumeshashuka kwenye dozi ndogo kabisa, asubuhi moja nikampelekea uji. Akanitazama usoni, akatabasamu.

"Mama," akasema, "umekonda. Kaa nawe unywe."

Moyo wangu ulifurahi. Nasema kweli, ulifurahi kwanza, na ndipo ukaogopa. Nilikaa, nikanywa uji pamoja naye, nikamsikiliza akizungumza kwa utaratibu na kucheka, na nilipomaliza bakuli nilikuwa nimeshajua. Sikupekua chumba. Nilimtafuta shangazi, aliyekuwa amekuja tangu jana yake, nikamkuta nyuma ya nyumba anapepeta mbaazi.

"Shangazi, umempa baba vidonge?"

Ungo ukasimama.

"Nimempa."

"Kwa nini?"

"Alinipigia simu analia." Aliuweka ungo chini. "Unanisikia? Kaka yangu. Baba yetu alikufa hakulia. Mkewe alikufa hakulia. Ananipigia simu, analia kama mtoto, ananiambia anateswa. Ningefanyaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba alilia, na treni ilikuwa ndefu. Sikumwambia. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na badala ya kugomba nikajikuta nikisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Shangazi, mimi nimechoka. Sina nguvu ya kugombana na wewe. Kama unamhurumia, usimletee dawa. Baki naye."

Aliuokota ungo. Kisha akaniuliza kama nina godoro la ziada.

Alibaki mpaka mavuno yakamwita. Daktari wa Mikumi, nilipompigia, hakutukemea. Alisema kurudi nyuma kupo, akatupangia upya, tukaanza kushuka tena polepole zaidi. Shangazi hakuamini mazoezi, lakini aliamini mikono yake. Alimkanda kaka yake mgongo kwa mafuta ya nyonyo kila jioni, polepole, bila kugandamiza mfupa, kama yule mtaalamu alivyomruhusu. Na asubuhi alitembea naye. Mimi nilikuwa natembea na mgonjwa. Yeye alitembea na kaka yake. Walikwenda wakibishana Kikaguru kuhusu shamba la babu yao, nani alilima wapi, mbuzi wa nani alikufa mwaka wa njaa, na katika kubishana huko walivuka geti la jirani bila kuliona. Nilibaki kibarazani nikasikia sauti zao zikififia kuelekea stesheni. Niliingia ndani nikalala mchana mweupe, na hakuna aliyeniamsha.

Vidonge vilikwisha. Hakuna siku ninayoweza kuitaja. Daktari alisema basi, tukaacha kununua, baba akaendelea kuwa hai. Maumivu hayakwisha. Mvua ikikaribia anajua kabla ya redio. Kuna siku anashindwa kuvaa soksi. Lakini anakula, choo kimekuwa choo, ibadani yuko macho, na hajaniuliza tena mama yuko wapi.

Na amerudi kuwa yule yule. Ananiita kwa jina zima. Anauona mshono uliopinda. Chai yangu, kumbe, ina sukari nyingi na imekuwa na sukari nyingi miaka yote. Ndugu na majirani wanakuja kunipongeza, "Hongera, umemrudisha mzee," nami naitikia, nawakaribisha viti. Wakiondoka nakaa kidogo kabla ya kuosha vikombe. Hakuna aliyenipa pole kwa yule mwingine aliyeondoka.

Mwezi uliopita tulikwenda Mikumi daktari amwangalie. Tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri kuitwa. Malori yalikuwa yanapunguza mwendo barabarani, breki zikipumua, na akina mama walikuwa wakiyakimbilia na mahindi ya kuchoma. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya goti, pumzi ikishuka mpaka tumboni kama alivyofundishwa. Sijui ni uchovu au ni nini kilichonifungua mdomo.

"Baba, ulipokuwa unakunywa vile vidonge, ulikuwa mpole."

"Mimi?"

"Ulikuwa unaniita mama. Ulisifia chai."

Alifikiri. "Sikumbuki."

"Ulinisimulia habari za mama. Siku ya mazishi. Ulivyokwenda stesheni."

Aligeuka. Anageuka mwili mzima siku hizi. Nikaona usoni mwake woga wa mtu aliyelala mlango wazi, akaamka, hajui nani aliingia.

"Nilikwambia hilo?"

"Ulinambia."

"Na la treni?"

"Na la treni."

Alitazama barabara. Nilijuta kusema. Lori likapita, na jingine. Nilingoja anikaripie, maana ndiyo njia yake ya kufunga milango.

"Lilikuwa siri yangu," akasema mwishowe, bila hasira. Kisha, "Basi. Ni lako pia. Mama yako huyo."

Akaitwa jina, akajigeuza ubavu kwenye benchi, akasimama bila kunishika mkono.

Tulirudi Kilosa alasiri, tumekaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeamka mapema, nimepika, nimefua, nimemalizia sare mbili kabla ya kuondoka, na joto la gari likanizidi. Nikalala, na katika kulala nikaegemea bega lake. Sijui nililala muda gani. Niliota kitu kizuri ambacho sikikumbuki.

Kiwiko kikanigusa mbavuni.

"Amka," baba akasema. "Umeniegemea, mgongo umekaza. Mwambie dereva asimame nijinyooshe."

Nikaamka, nikamwambia dereva.